Mertesacker na zile sekunde kabla ya filimbi: kisa cha kitasa aliyekuwa anageuza kichwa pembeni kwa miaka 15

Weka hii picha kichwani kwanza. Timu zimeshatoka, zimeshapeana mikono, refa kashaangalia saa yake, mpira uko katikati. Pale nyuma kuna jamaa ana urefu wa mita 1.98, na sekunde zile chache kabla filimbi haijalia anageuza kichwa pembeni. Wewe uliye mbele ya tv unadhani anampanga mwenzake au anaangalia jukwaani, kumbe tumbo limempinduka, anabanwa na kichefuchefu mpaka machozi yanamtoka, na anageuka ili asionekane. Alafu filimbi inalia, anakaba dakika 90, anaoga, anaenda nyumbani. Wiki ijayo tena vilevile. Zaidi ya mechi 500.

Huyo ni Per Mertesacker, beki wa kati wa Ujerumani, bingwa wa dunia 2014, na haya aliyasema mwenyewe Machi 2018 kwenye mahojiano na jarida la Der Spiegel, miezi michache tu kabla hajatundika daluga. Siku za mechi tumbo lilikuwa linaharibika tangu asubuhi, anakimbizana na choo, na ikifika muda wa kuanza ndo kichefuchefu kinakuja. Akasema na jambo lingine ambalo mashabiki wengi liliwauma zaidi: kwamba kwa wakati ule, mwishoni mwa kazi, alikuwa anapenda zaidi kukaa benchi kuliko kucheza, na kukaa jukwaani kuliko benchi.

Mimi nimemuangalia huyu mtu misimu saba Arsenal. Nimemshangilia na nimemlaumu, nimeshiriki zile kelele za kibanda umiza za "mtoeni huyo anageuka kama lori la mchanga". Na kitu kimoja ambacho wote tulikubaliana, wanaompenda na wasiompenda, ni kwamba jamaa ana utulivu. Haongei na refa, hapaniki, hakati watu ovyo, kadi zake za kuhesabu. Tulikuwa tunasema kazaliwa hivyo, Mjerumani yule, damu baridi. Baada ya yale mahojiano nilirudi kuangalia mechi zake nyingi tena, na nikaona tulikuwa tumemsoma vibaya kabisa. Ule utulivu hakuzaliwa nao. Ilikuwa kazi, alikuwa anautengeneza upya kila mechi, na mwili ndo ulikuwa unalipa. Hiki kisa nataka nikichambue kwa kirefu maana naona watu wengi wanakitaja kwa juu juu tu, "aa yule aliyekuwa anatapika", basi imeisha.

Tuanze alikotoka. Kazaliwa Septemba 29, 1984 Hannover, kakulia Pattensen, mji mdogo jirani. Baba yake alikuwa mtu wa benki na alikuwa anafundisha mpira wa watoto. Mtoto akaingia timu ya vijana ya klabu ya Hannover 96, lakini sio kama kuna mtu alikuwa anasema huyu ni nyota ajaye. Kwenye umri wa miaka 15 hivi alikuwa anarefuka haraka mno, magoti yakamsumbua, akakaa nje karibu mwaka mzima. Yaani ukimuuliza yeye mwenyewe, mpira wa kulipwa haukuwa kitu alichokuwa anakiona mbele yake. Na kuna hili nalipenda sana kwenye historia yake: enzi zile Ujerumani kijana wa kiume alikuwa lazima apitie jeshi au, kama hataki kushika silaha, afanye utumishi wa kiraia, na Mertesacker akaupitia utumishi wake kwenye kituo cha wagonjwa wa akili karibu na Hannover. Asubuhi yuko na watu ambao akili zimewaelemea, mchana yuko mazoezini na timu ya Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani. Sidhani kama ni bahati tu kwamba mtu huyu huyu miaka mingi baadae ndo akafungua mdomo.

Mambo yakaenda kasi ya ajabu. Novemba 2003 kacheza mechi yake ya kwanza Bundesliga, Oktoba 2004 Jürgen Klinsmann kamuita timu ya taifa na kaanza kuichezea Tehran dhidi ya Iran, ndo kwanza katimiza miaka 20. Miaka miwili baadae Kombe la Dunia liko nyumbani kwao, na yeye ni beki wa kati wa kutegemewa. Kijana ambaye juzi tu alikuwa hajui kama atacheza mpira, leo nchi nzima imemtundikia bendera.

Julai 4, 2006, Dortmund, nusu fainali na Italia. Tunaokumbuka mechi ile tunakumbuka dakika ya 119, Pirlo katoa ile pasi, Grosso kakunja, alafu Del Piero akamalizia, 2-0. Ujerumani nzima ililia. Mertesacker alikuwa na miaka 21 na alichokisema kuhusu usiku ule ndo sehemu iliyonishtua kuliko hata kutapika. Alisema ndio, alisikitika, lakini zaidi ya yote alipata ahueni. Alichokuwa anawaza ni kwamba imeisha, hatimaye imeisha. Unaelewa uzito wake? Umekaribia fainali ya Kombe la Dunia nyumbani kwako, umefungwa dakika ya mwisho, na mwili wako unashusha pumzi. Na hauwezi kumwambia mtu. Utaanzia wapi kusema mbele ya watu wanaolia kwamba wewe umefurahi kwenda nyumbani?

Kisayansi hakuna uchawi hapo. Mwili ukihisi hatari unamwaga adrenalini, damu inahama tumboni inaenda kwenye misuli, mmeng'enyo unasimama, na tumbo linataka kutoa kila lilicho nacho. Mtu anayekimbizwa na mbwa na mtu anayesubiri filimbi mbele ya watu elfu 60, mwili wao unafanya kitu kilekile. Wanafunzi wanaijua hii asubuhi ya mtihani, bibi harusi anaijua. Tofauti ni kwamba wewe mtihani wako ni mara moja au mbili kwa mwaka, yeye ni kila baada ya siku tatu kwa miaka 15, na mtihani wake unasahihishwa na kila mtu mwenye tv.

Sasa kwanini hakusema mapema? Hapa lazima tumtaje Robert Enke. Enke alikuwa kipa wa Hannover 96, alifika pale 2004, akacheza na Mertesacker mpaka Mertesacker alipohamia Werder Bremen 2006, na walikuwa marafiki. Enke alikuwa anaumwa sonona kwa miaka na aliificha, akiogopa ikijulikana atapoteza kila kitu. Novemba 10, 2009 akajitoa uhai. Alikuwa na miaka 32 na alikuwa anatajwa kama kipa anayeweza kuanza Kombe la Dunia la 2010. Ujerumani ikafuta mechi ya kirafiki na Chile, uwanja wa Hannover ukajaa watu wa kumuaga, viongozi wakasema mpira lazima ubadilike, tuongee, tusikilizane. Kisha wikendi ikafika, ligi ikaendelea, na presha ikawa ileile. Simaanishi kwamba Mertesacker alikuwa na ugonjwa kama wa Enke, hakusema hivyo na mimi sitamsemea. Ninachosema ni kwamba aliishi ndani ya mpira uliomzika rafiki yake na bado hapakuwa na nafasi ya beki kusema "jamani, mimi naumwa tumbo la woga kila Jumamosi".

Bremen nitapita haraka, miaka mitano mizuri, kombe la Ujerumani, DFB-Pokal, 2009 na heshima ya kutosha.

Arsenal ndo kwetu. Agosti 28, 2011 tulipigwa 8-2 na Manchester United pale Old Trafford, siku ambayo kuna watu mtaani kwetu hawakutoka nje mpaka Jumanne. Siku tatu baadae dirisha linafungwa, na Mertesacker anasaini siku hiyohiyo moja na Mikel Arteta. Yaani kaletwa kama bati la kuziba paa wakati mvua inanyesha. Mechi za mwanzo ligi ilimuonea, Blackburn walitufunga 4-3, na kila straika mwenye mbio alikuwa anamuona yeye ndo mlango. Februari 2012 uwanjani kwa Sunderland kifundo kikamgeuka mbele ya goli letu, akaanguka, James McClean akapita akafunga, na msimu wake ukaishia pale. Ile mechi watu wanaikumbuka kwa goli la Thierry Henry la dakika za mwisho. Mimi namkumbuka Mertesacker kakaa kwenye nyasi.

Alichokifanya baada ya hapo ndo ufundi wenyewe. Hakuwa na mbio na hakuwa anazitafuta. Akawa anakaba kwa kichwa, yaani kwa akili na kwa kichwa chenyewe. Anasimama hatua mbili kabla ya hatari, anapiga kelele kumsogeza beki wa pembeni, anaacha Laurent Koscielny aende kugombana na straika huku yeye anasafisha kinachobaki. Msimu wa 2013/14 wale wawili walikuwa kama mkono wa kulia na wa kushoto. Na Aprili 2014 kwenye nusu fainali ya Kombe la FA na Wigan ikatokea mechi ambayo ni picha kamili ya maisha yake: kacheza faulo ndani ya boksi, penalti, Wigan wanaongoza, kombe linaondoka mikononi baada ya miaka tisa bila taji, alafu dakika ya 82 ni yeye huyohuyo anafunga kwa kichwa, tunaenda penalti, tunapita. Tukabeba 2014 dhidi ya Hull, 2015 tukawapiga Aston Villa 4-0 na yeye akatia moja kwa kichwa.

Kombe la Dunia Brazil nalo lina lake. Baada ya kuwatoa Algeria kwa shida, 2-1 muda wa nyongeza, mwandishi wa tv ya kwao akawa anamhoji kwa staili ya kwanini mmecheza vibaya, na Mertesacker aliyekuwa hajawahi kumjibu mtu vibaya akamjibu kwa ukali, unataka nini, tumefuzu, unadhani kwenye timu 16 bora kuna vikundi vya mchezo mchezo, mimi naenda kulala kwenye barafu siku tatu. Ujerumani wakacheka, ikawa video ya kusambaza. Ukiirudia leo ukiwa unajua kilichokuwa kinaendelea tumboni mwake, haichekeshi tena, unaona mtu aliyechoka anaomba apumue. Mechi iliyofuata, robo fainali na Ufaransa, kocha Joachim Löw akamuweka benchi. Hakununa. Kaingia kipindi cha pili kwenye ile 7-1 ya Brazil, na kwenye fainali kaingia dakika ya 120 kuchukua nafasi ya Mesut Özil, kombe likabebwa. Mwezi uliofuata akaaga timu ya taifa na mechi 104, akiwa bado hajafika miaka 30. Wakati ule tulijiuliza mbona mapema. Jibu tunalo sasa.

Sasa twende kwenye mechi ambayo mimi naiona ndo kiini cha kisa chote, fainali ya FA ya Mei 27, 2017, Wembley, dhidi ya Chelsea.

Msimu ule Mertesacker ndo alikuwa kapteni mpya, Arteta kastaafu. Lakini Julai 2016 kwenye mechi ya maandalizi na Lens goti likaharibika, na msimu ukaondoka bila yeye. Akarudi mazoezini, hapangwi. Arsenal inapepesuka, mabango ya kumtaka kocha Arsène Wenger aondoke yanapepea kila uwanja, Ligi ya Mabingwa inatuponyoka kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20. Aprili Wenger, mzee wa mabeki wanne maisha yake yote, akabadili akaanza kuweka mabeki watatu nyuma. Mei 21, siku ya mwisho ya ligi, tunacheza na Everton. Koscielny anapigwa kadi nyekundu dakika ya 14, maana yake fainali hayumo. Gabriel anaumia. Anaingia Mertesacker, mechi yake ya kwanza ya msimu mzima. Shkodran Mustafi naye ana tatizo la kichwa baada ya kugongwa. Kwahiyo ndani ya siku sita ukuta mzima umeanguka na aliyebaki ni mzee wa miaka 32 ambaye hajaanza mechi kwa miezi 13.

Na anayekuja mbele yake ni nani? Diego Costa, straika wa Chelsea. Mertesacker alikuwa na deni naye. Januari 2016 pale Emirates, uwanja wetu, dakika ya 18, Costa kachomoka, Mertesacker kamkata, nyekundu, dakika tano baadae Costa huyohuyo anafunga na tunalala 1-0. Sasa Costa amerudi akiwa na Eden Hazard na Pedro pembeni yake, timu ya Antonio Conte, mabingwa wa ligi kwa pointi 93. Kulia kwa Mertesacker kuna Rob Holding, kijana wa miaka 21 aliyetoka Bolton msimu uleule. Kushoto kuna Nacho Monreal, ambaye kiasili ni beki wa pembeni. Hao ndo watatu.

Mechi ilianza saa moja na nusu usiku kwa saa zetu. Nakumbuka kibandani tulivyoona majina ya kikosi watu walinyamaza. Jirani yangu akasema leo tunahesabiwa. Sikumbishia.

Alafu ikatokea ile kitu. Sánchez wetu kafunga dakika ya 4, goli lenye maneno yake la mkono na la kuotea, lakini lilihesabiwa. Na kuanzia hapo nilichokuwa nakiangalia ni namba 4 tu. Jamaa alicheza kama mtu aliyekaa na ramani. Ule mfumo wa watatu ulimfaa kuliko mfumo wowote kwenye maisha yake Arsenal, kwa sababu mbio zilikuwa kazi ya Holding na Monreal, wao ndo wanatoka kumfuata Hazard na Pedro kule pembeni, yeye anabaki katikati na kazi yake ni kusoma. Kila Costa alipotaka kugeuka na mpira anakuta mguu mrefu umeshafika. Hakusubiri kugombania mpira, alikuwa anaufikia kabla haujawa ugomvi. Na mkono, angalia mkono wake kwenye mechi ile, muda wote uko hewani unaonyesha, wewe huku, wewe pale. Holding alikuwa anamsumbua Costa mpaka Costa akaanza kukasirika, mtoto wa miaka 21, na ujasiri ule alikuwa anauchota kwa huyu mzee aliyesimama mita tano kutoka kwake.

Victor Moses wa Chelsea akatolewa dakika ya 68 kwa kujirusha. Dakika ya 76 Costa akatuliza kifuani akafumua, 1-1, kibandani ikawa kama msiba. Dakika ya 79 Giroud wetu, ndo kwanza kaingia, anapiga krosi, Ramsey kichwa, 2-1. Ikaisha hivyo. Kombe la FA la 13 kwa klabu, rekodi, la saba kwa Wenger, nayo rekodi. Na kitambaa cha ukapteni kiko kwenye mkono wa mtu ambaye hiyo ndo mechi yake ya kwanza kuanza msimu mzima na ilikuwa ya mwisho ya msimu.

Wakati ule sote tulisema: unaona? Uzoefu. Damu baridi. Miezi kumi baadae ndo tukajua kwamba mwili wa huyu mtu haukuwahi kuizoea ile dakika ya mwanzo, hata baada ya mechi mia tano. Kwahiyo kile tulichokiona Wembley sio mtu asiye na woga, ni mtu aliyekuwa na woga wa kumpindua tumbo, ambaye goti lake halina imani, ambaye hajacheza, na akaenda kusimama pale akafanya kazi safi kuliko mabeki wote waliokuwa uwanjani. Kwangu mimi hii inaipandisha ile mechi mara kumi. Utulivu wa mtu asiyehisi kitu haunipi somo lolote. Huu wa Mertesacker naweza kuuelewa.

Yale mahojiano yalipotoka wengi walimpongeza, ila Lothar Matthäus hakukubaliana naye. Na Matthäus sio mtu wa kumpuuza, mechi 150 za Ujerumani, kapteni wa mabingwa wa 1990. Hoja yake ilikuwa hivi: huyu mtu anakwenda kuwa bosi wa akademi ya Arsenal, sasa atamfundishaje kijana kuwa mchezaji wa kulipwa huku anasema presha imezidi? Nimeisoma hoja ile mara nyingi na nataka kuitendea haki. Ina mantiki fulani. Mpira wa juu ni presha, hauwezi kuitoa, na kijana asiyeiweza atateketea. Hakuna mzazi anataka mwalimu wa kuogelea anayeogopa maji.

Lakini nadhani Matthäus alikosea mahali pamoja, na ushahidi ninaoutumia unatoka kwake mwenyewe. Julai 8, 1990, Roma, fainali na Argentina, dakika ya 85 Ujerumani wanapata penalti. Mpigaji alitakiwa kuwa Matthäus. Kiatu chake kilikuwa kimeharibika kipindi cha kwanza, kavaa kingine, hakuwa na uhakika na mguu wake, na akamuachia Andreas Brehme. Beki. Brehme akapiga kwa mguu wa kulia, 1-0, kombe la dunia. Uamuzi ule wa Matthäus ulikuwa wa kiume na wa busara kubwa, alijua leo siko sawa, akasema, na mwenzake akasaidia. Ndicho hichohicho Mertesacker alikuwa anakitafuta, nafasi ya kusema siko sawa bila kuonekana hufai. Kwa Matthäus ilikuwa rahisi kusema kwa sababu tatizo lilikuwa kiatu. Kiatu kinaonekana. Tumbo halionekani.

Na tena Mertesacker hakuwa anaomba huruma. Kwenye mahojiano yaleyale alisema hata kama ingebidi atapike kabla ya kila mechi na arudi kwenye matibabu ya majeraha mara ishirini, angefanya tena vilevile kwa ajili ya kumbukumbu alizopata. Sehemu hii waliomshambulia waliiruka. Mtu anakwambia gharama ya kitu na anakwambia bado angekinunua, huyo hajakata tamaa, anakupa bei halisi tu ili na wewe ujue kabla hujaingia dukani.

Kuna swali moja ambalo naona ni la haki kumuuliza: mbona alisubiri mpaka mwisho? Angesema 2010 akiwa Bremen si angesaidia wengi zaidi? Nimelipima na sidhani ningethubutu kumlaumu. Beki anayesema anaogopa ni beki anayelengwa. Straika wa timu pinzani atajua, mashabiki wataimba, kocha atasita kwenye kupanga. Alisema pale ambapo kusema hakungemgharimu nafasi, na labda hilo lenyewe ndo linaonyesha hali ya mpira kuliko maneno yake yote.

Mwaka 2018 akawa mkuu wa akademi ya Arsenal, Hale End, kaskazini mashariki mwa London. Msimu wake wa kwanza tu pale, Novemba 2018, kijana wa miaka 17 anaitwa Bukayo Saka akaichezea timu kubwa kwa mara ya kwanza kwenye Ligi ya Europa. Sitampa Mertesacker sifa ya Saka, yule alikuwa pale tangu ana miaka saba. Ila Julai 2021 dunia nzima iliona Saka, miaka 19, anapewa penalti ya tano kwenye fainali ya Euro Wembley, anakosa, na usiku uleule matusi ya kibaguzi yanamjaa kwenye simu. Hapo ndo ningependa mtu aniambie kwamba vijana hawahitaji mkubwa anayejua presha inafanya nini mwilini. Septemba 2022 Ethan Nwaneri akaingia kuichezea Arsenal ugenini kwa Brentford akiwa na miaka 15 na siku 181, mdogo kuliko wote katika historia ya Ligi Kuu. Mtoto wa shule. Na nyuma ya kila Nwaneri kuna darasa zima la watoto ambao hawatapata mkataba, na hao nao lazima mtu awaambie ukweli na kuhakikisha wamesoma. Mtu aliyesema hadharani kwamba alifurahi kutolewa Kombe la Dunia anaweza kukaa na mtoto wa hivyo na akaaminika.

Mechi yake ya mwisho ilikuwa Mei 6, 2018, Emirates, dhidi ya Burnley, siku ya kumuaga Wenger nyumbani. Watu waliikumbuka kwa ajili ya Wenger na ni haki yao. Mertesacker alianzia benchi, pale alipokuwa ameshasema anapapenda zaidi, akaingia mpira ukiwa tayari unachezwa, hakuna kusimama kwenye mstari, hakuna zile sekunde. Arsenal ikashinda 5-0, na baada ya hapo hakuwa na filimbi nyingine ya kuisubiri.